Mita Sitini: Kamati za Bunge na Sheria Inayofika Mlangoni

Mhadhara wa wazi kwa wakazi na wafanyabiashara wa Jangwani na Kariakoo, Dar es Salaam

 

Ipo namba moja ambayo mtoto aliyekulia bondeni hapa huijua kabla hajakariri jedwali la kuzidisha. Namba hiyo ni sitini. Mita sitini kutoka mtoni. Desemba 2015 ilishuka Bonde la Msimbazi ikiwa alama ya X nyekundu ukutani, na nyuma ya alama likaja tingatinga. Mliokuwepo mnakumbuka vitanda, makabati na masufuria vilivyotolewa nje, na watoto waliokaa juu ya magodoro wakitazama ukuta wao ukilala chini. Baadhi ya familia zile zilikuwa zimeshaonja mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyowahamishia majirani zetu wengi Mabwepande.

Namba hiyo ilitoka wapi? Wengi walidhani imetoka kwa mkurugenzi, wengine wakasema ni ya mkuu wa mkoa. Imeandikwa katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004. Ilikaa kwenye karatasi miaka 11 kabla ya kufika ukutani.

Sisemi kwamba mto hauna haki. Msimbazi ukijaa haumuulizi mtu hati ya kiwanja, na sheria inayolinda kingo za mto inalinda pia roho za watu. Ninachosema ni kwamba kabla namba ile haijawa sheria, palikuwa na meza moja ambapo mtu wa Jangwani angeweza kuuliza: mita sitini kuanzia wapi, ukingo wa kiangazi au ukingo wa masika? Na aliyejenga kabla ya sheria, ambaye amekuwa akilipa kodi ya jengo, anahesabiwaje? Baada ya sheria kupita, maswali hayo hayo huulizwa mahakamani kwa gharama ya wakili, au huulizwa mbele ya tingatinga, ambalo halijibu.

Meza hiyo ni Kamati ya Kudumu ya Bunge. Jioni ya leo nataka tuizungumze, kwa sababu sisi wa mitaa hii tunajua kupiga kelele sheria ikishapita, lakini mlango wa kuingilia kabla haijapita tunaupita kila siku bila kuugonga.

Televisheni inatuonyesha ukumbi mkubwa wa Dodoma. Tunaona mbunge amesimama, anachangia kwa dakika zake chache, wenzake wanapiga meza, tunadhani hapo ndipo sheria inapotungwa. Ukweli ni kwamba muswada ukifika pale, sehemu kubwa ya kazi imeshamalizika. Ibara ya 96 ya Katiba ya mwaka 1977 inaliruhusu Bunge kuunda kamati ili litekeleze madaraka yake vizuri zaidi, na Spika huwapanga wabunge humo. Muswada wa afya una kamati yake, wa kodi una yake, wa uchaguzi vilevile.

Njia yenyewe ni hii. Serikali inatangaza muswada katika Gazeti la Serikali. Kwa utaratibu wa kawaida, tangazo la kwanza hutangulia siku zisizopungua 21 kabla ya muswada kusomwa bungeni mara ya kwanza. Kusomwa huko hakuna mjadala: katibu anasoma jina refu la muswada, basi. Kuanzia hapo muswada ni wa kamati. Kamati inamwita waziri pamoja na wanasheria wa Serikali, na inatoa tangazo au barua za mwaliko kwa yeyote mwenye maoni, ili aje aisaidie kuuchambua. Baadaye ndipo unaporudi ukumbini kusomwa mara ya pili. Waziri anatoa hoja, mwenyekiti anasoma maoni ya kamati, wabunge wanajadili. Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia ibara moja baada ya nyingine. Unasomwa mara ya tatu, unapelekwa kwa Rais.

Ndani ya chumba cha kamati, mabishano ni ya maneno madogo madogo. Muswada ukisema waziri "atatunga" kanuni, hana hiari. Ukisema "anaweza kutunga", anaweza pia akakaa miaka kumi bila kutunga. Faini ikiandikwa "isiyopungua" milioni tano, hakimu hawezi kumhurumia muuza chips hata akilia. Ikiandikwa "isiyozidi", anaweza. Kati ya "isiyopungua" na "isiyozidi" kuna mtaji mzima wa mtu. Mabadiliko yanayokubaliwa huandikwa katika karatasi inayoitwa Jedwali la Marekebisho. Karatasi hiyo haina picha wala makofi, nayo ndiyo inayoamua.

Nitawapa mfano wa neno moja. Mwishoni mwa mwaka 2023 Serikali ilipeleka bungeni miswada mitatu ya uchaguzi na vyama vya siasa. Mmoja uliitwa Muswada wa Sheria ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Januari 2024 vyama, taasisi za dini na asasi za kiraia zilikwenda Dodoma kutoa maoni mbele ya kamati. Sheria ilipopitishwa Februari, jina lake lilikuwa Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Limeingia neno "huru". Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba uhuru wa tume hauletwi na jina: unaletwa na namna wajumbe wanavyopatikana na namna wanavyoweza kuondolewa, na huko madai mengi ya waliokwenda Dodoma hayakupata nafasi. Lakini neno lile liliingia. Kwa hiyo msiniambie kwamba kamati haibadilishi kitu. Niambieni kwamba inabadilisha kidogo kuliko inavyotakiwa, hapo nitawaelewa.

Wauza mitumba wa Mchikichini mnaelewa jambo hili kuliko profesa yeyote. Ukinunua belo, unanunua limefungwa. Unaangalia alama, unasikiliza maneno ya muuzaji, unatoa fedha, unafungua nyumbani. Ndani unaweza ukakuta koti la maana au matambara matupu, na hakuna pa kurudisha. Kamati ni mahali ambapo belo la sheria linafunguliwa kabla ya fedha kutolewa, nguo moja moja, kwenye mwanga.

Sasa niwarudishe Aprili 2011, hapo Ukumbi wa Karimjee, mwendo wa miguu kutoka hapa tulipo. Serikali ilikuwa imeleta Muswada wa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, na kamati ya Bunge ikapokea maoni Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar. Nilikuwepo. Ukumbi ulijaa, watu wakasimama nje kwenye bustani. Wanafunzi walikuwepo, wastaafu walikuwepo, mama lishe mmoja alikuwepo na kitambaa chake cha kufutia meza bado kiko begani. Na jambo la kwanza lililoleta hasira halikuwa Muungano wala madaraka ya Rais. Lilikuwa lugha. Muswada wa kuwauliza Watanzania wanataka katiba gani ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza peke yake, tena ulitakiwa kupita kwa hati ya dharura. Zanzibar muswada ulichanwa hadharani. Dodoma kulikuwa na vurugu na mabomu ya machozi.

Serikali ilirudi nyuma. Dharura ikaondolewa, muswada ukatafsiriwa kwa Kiswahili, ukarudi bungeni Novemba mwaka huo. Ulipita kwa mvutano na wabunge wa upinzani wakatoka nje, na miezi michache baadaye sheria ikafanyiwa tena marekebisho. Sitaki kuuremba mwisho wa safari ile, maana katiba mpya hatunayo mpaka leo. Lakini kwa siku zile chache watu wa kawaida waliizuia Serikali wakiwa ndani ya utaratibu wa Bunge lenyewe, kwa swali la mtoto wa darasa la tatu: hii karatasi inasema nini?

Swali hilo lilichukua miaka kumi kujibiwa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi hii. Nilifurahi sana, nikidhani ukuta umeanguka. Kuna ukuta mwingine nyuma yake. Marekebisho mengi bado yanaandikwa hivi: "katika kifungu cha 14, futa neno 'na' popote linapoonekana na badala yake weka neno 'au'". Ni Kiswahili safi kabisa, na hakuna atakayekielewa kama hana sheria ya zamani mkononi. Madhumuni na Sababu, maelezo yanayoambatanishwa mwishoni mwa kila muswada, yangeweza kuandikwa kwa namna ambayo fundi cherehani wa Mtaa wa Congo atajua ni nini kitabadilika kwake. Hilo halihitaji kubadili Katiba. Linahitaji mwandishi mwenye huruma na msomaji.

Wapo watakaosema kwamba kamati ni muhuri tu. Nawajibu kwa Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Ulifikishwa bungeni Septemba 2022. Kila mtu alitaka bima ya afya, na ingekuwa rahisi kuupitisha kwa makofi. Lakini kamati ya huduma za jamii na wadau waliuliza swali ambalo kila mama mwenye biashara ndogo huuliza: fedha zitatoka wapi? Asiye na uwezo atalipiwa na nani, kutoka mfuko gani? Muswada ulikuwa pia umefungamanisha bima na huduma nyingine kama leseni, na watu wakauliza kwa nini mgonjwa maskini aadhibiwe mara mbili. Ulipangwa kujadiliwa Novemba mwaka huo, ukaahirishwa. Ukaahirishwa tena Februari 2023. Ulipitishwa tarehe 2 Novemba 2023, ukiwa na vyanzo vya fedha vilivyotajwa ndani ya sheria. Zaidi ya mwaka mzima. Wengine waliona ni uzembe. Mimi naona ndiyo kazi ya Bunge iliyofanywa kwa uangalifu kuliko nyingi nilizoshuhudia, kwa sababu ahadi isiyo na fungu la fedha ingemwacha mgonjwa wa Hospitali ya Amana na kadi mkononi na dawa akaelekezwa kuinunua dukani.

Linganisheni na Juni 2019. Serikali ilileta kwa hati ya dharura muswada mmoja wa marekebisho ya sheria mbalimbali, uliogusa sheria nane kwa mpigo: kampuni, asasi zisizo za kiserikali, takwimu, filamu, hakimiliki na nyingine. Wadau waliitwa Dodoma wakiwa na siku chache tu za kusoma, na tarehe 27 Juni ukapita. Hapo belo halikufunguliwa. Lilikatwa kamba moja, tukachungulia, likafungwa.

Hati ya dharura ina mahali pake. Nchi ikivamiwa, au ugonjwa ukiingia, hakuna anayetaka Bunge lisubiri siku 21. Kanuni za Bunge zinataka hati hiyo isainiwe na Rais mwenyewe, na hiyo ni dalili kwamba waliozitunga waliiona kuwa ni dawa kali. Lakini usajili wa asasi au kibali cha filamu una dharura gani? Natoa hukumu yangu bila kuzunguka: muswada unaobadilisha sheria nane hauna haki ya kuwa wa dharura, na Bunge linaloukubali kwa namna hiyo linajipunguzia heshima yake lenyewe.

Nije kwenye kodi, najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu.

Mnakumbuka 2013, shilingi 1,000 kila mwezi kwa kila laini ya simu. Ilipitishwa, nchi ikalalamika, ikaondolewa. Mnakumbuka tozo ya miamala ya simu, iliyoanza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Mawakala wa Mtaa wa Msimbazi walikaa kwenye vibanda vyao wakitazama barabara. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Kila mara mambo yalikwenda kwa mpangilio ule ule: sheria imepita, uchungu umeonekana, Serikali imerudi nyuma. Kurudi nyuma ni uungwana, na siudharau. Lakini katikati kuna miezi, na ndani ya miezi hiyo kuna vibanda vilivyofungwa ambavyo havikufunguliwa tena.

Halafu Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023, Kariakoo ikafunga. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza wafanyabiashara, mkutano mkubwa ukafanyika Mnazi Mmoja. Mliongea kwa uchungu: kikosi kazi cha kodi, risiti, na lile sharti la kusajili stoo, ambalo alilisimamisha. Tarehe 24 Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na safari hiyo mikoa mingine ikafuata. Sikuja kuwalaumu. Mtu mwenye mkopo wa benki hafungi duka kwa kupenda.

Lakini naomba niwaulize kwa upendo. Kila mwaka mwezi Juni unakuja Muswada wa Sheria ya Fedha. Unakwenda Kamati ya Bajeti, kamati iliyoanzishwa mwaka 2013 kwa kazi hiyo hasa. Inasikiliza maoni. Viwanda vikubwa vinakwenda na wahasibu wao, mabenki yanakwenda, kampuni za simu zinakwenda, na vitabu vyao vimejalidiwa. Nani kati yetu humu ndani amewahi kuushika muswada huo mkononi kabla haujapita? Naona mikono miwili. Mitatu. Soko hili linalisha maduka ya Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, na mikono ni mitatu.

Tena Katiba yenyewe imetuachia mwanya ambao hatuutumii. Ibara ya 99 inasema Bunge haliwezi kushughulikia muswada wa kutoza kodi au kubadilisha kodi mpaka Rais apendekeze kupitia kwa waziri. Lakini imeweka maneno mawili katikati: "isipokuwa kupunguza". Kwa kupunguza, mlango haujafungwa. Mbunge akipewa hoja iliyoandikwa vizuri, yenye hesabu za duka halisi, ana pa kuishika.

Neno "wadau" limetupotosha. Tunalisikia tunadhani ni watu wa semina, wenye vitambulisho shingoni na chai ya saa nne. Kanuni zinazungumzia mtu yeyote. Ibara ya 21 ya Katiba inasema kila raia ana haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Mbeba mizigo wa Shimoni, hapa Kariakoo, ni mdau. Mama aliyewekewa X ni mdau.

Wala tusidhani pengo hili kati ya kamati na wananchi ni la kwetu tu. Wakenya wameandika ushiriki wa umma katika Ibara ya 118 ya katiba yao ya 2010, na mahakama zao huupima. Hata hivyo, Juni 2024 kamati yao ya fedha ilisikiliza maoni juu ya muswada wa fedha, ikafuta mambo kadhaa, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate. Vijana hawakuamini tena. Tarehe 25 waliingia ndani ya Bunge, damu ikamwagika, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuusaini muswada. Kamati ile ilifanya kazi, lakini ilifanya mbele ya watu waliokwisha kukata tamaa ya kusikilizwa, na imani ya watu hairudishwi kwa jedwali la marekebisho la wiki moja.

Kukata tamaa huko nakujua. Niliwahi kuandika maoni ya kurasa tisa kwa kamati moja, nikayapeleka mwenyewe, nikapokelewa vizuri. Sikupata kujua hata siku moja kama yalisomwa. Sheria ilipotoka niliipekua nikitafuta sentensi yangu kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Hapo ndipo penye kasoro kubwa, kwa maoni yangu: kamati inapokea, lakini haijibu. Ingekuwa inachapisha orodha fupi, maoni haya tumeyachukua, haya tumeyaacha kwa sababu hizi, watu wangerudi mwaka unaofuata. Anayekataliwa kwa sababu hurudi na hoja bora. Anayenyamaziwa harudi.

Kwa hiyo nina maombi, mengine yaende Dodoma na mengine yabaki hapa.

Dodoma iko mbali. Treni ya umeme imeifupisha tangu 2024, lakini nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na malazi, ni faida ya siku nyingi kwa muuza vitenge. Zamani kamati zilikaa mara kwa mara hapa Dar es Salaam. Naomba kamati inayochambua muswada wa fedha itenge siku moja, moja tu, ije ikae Kariakoo. Ukumbi tutatafuta, viti tutapanga sisi.

Na sisi wenyewe, kila mtaa uwe na watu watatu wanaofuatilia miswada kwenye tovuti ya Bunge. Msiende kulia mbele ya kamati. Andikeni: kifungu fulani, neno fulani, litatuumiza hivi, tunapendekeza liwe hivi. Ukurasa mmoja unatosha. Mwenye duka alete hesabu zake, mwenye stoo alete picha ya stoo yake. Na msizisahau sheria ndogo za halmashauri, zile za ushuru na za kupanga wamachinga. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayozipitia, na sijui kama yupo humu aliyewahi kuiandikia.

Spika wa Bunge la sasa, Mheshimiwa Mussa Azzan Zungu, ni mbunge wa jimbo hili la Ilala. Ni yeye anayeupeleka kila muswada kwenye kamati yake. Ofisi ya mbunge haiko Dodoma peke yake, iko humu humu jimboni. Bajeti ijayo itasomwa Juni, na muswada wake utafuata siku hizo hizo. Barua ya kuiomba kamati ije Kariakoo nimeshaiandika, iko pale mezani karibu na mlango, na kalamu zipo. Kabla hamjatoka, isomeni kwanza, msahihishe mnapoona nimekosea, ndipo mtie saini.